"Messuage": neno la Kiingereza lililotutoa jasho kwenye hati ya babu

Ikiwa kwenu kuna hati ya nyumba iliyoandikwa kwa Kiingereza enzi za mkoloni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisoma mwanzo hadi mwisho, nawaandikia nyinyi. Yetu ilikaa ndani ya sanduku la marehemu babu tangu mimi mtoto. Kila mtu alijua ipo, kila mtu aliiita "ile karatasi", na kwa kuwa ipo tukaona yatosha. Hatukujua inasema nini hasa mpaka majirani walipoteremsha matofali nyuma ya nyumba na kuanza kuchimba msingi wa ukuta.

Nyumba iko Mombasa, kisiwani, nje kidogo ya Mji wa Kale. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kila masika yakiisha zinadai fundi. Nyuma kuna ua mkubwa kuliko nyumba yenyewe: kisima cha zamani kilichofunikwa kwa zege, jiko la nje ambalo shangazi yangu bado anapikia pilau la shughuli, choo kisichotumika tena, na mwembe mmoja. Kwa bei ya viwanja vya kisiwani leo, ua ule ndio mali. Nyumba ni heshima tu.

Majirani ni wajukuu wa mtu aliyemuuzia babu mwaka 1934. Tulipowauliza kuhusu ule msingi walijibu kwa upole na adabu zote: babu yenu alinunua nyumba, hakununua ardhi. Ua mlikuwa mkiutumia kwa ujirani mwema.

Msomaji wa mahali pengine huenda akacheka. Utanunuaje nyumba ukaacha ardhi iliyokalia? Mombasa hilo si la kucheka. Pwani ya Kenya kuna utaratibu mkongwe wa nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi mwezi kwa mwezi. Nyumba hiyo waweza kuiuza, kuirithisha au kuipangisha, lakini udongo ulio chini yake si wako. Mitaa kama Majengo ilijaa nyumba za namna hiyo. Kwa hiyo kauli ya majirani haikuwa ya kipuuzi hata kidogo, na nyoyo zetu zilijua. Usiku ule hakuna aliyekula vizuri.

Ami yangu, mtoto wa mwisho wa babu aliye hai, akalitoa sanduku. Karatasi yenyewe ni nene, ngumu kama ngozi, imekunjwa ikakunjuliwa mpaka mikunjo imeanza kupasuka, na mtu fulani katika ukoo alishaibandika sellotape iliyogeuka rangi ya asali. Juu pameandikwa kwa herufi kubwa za mapambo "This Indenture". Chini yake maneno yamepigwa taipu kutoka ukingo hadi ukingo, sentensi moja isiyo na nukta ukurasa mzima, mkato wenyewe wa kutafuta. Katikati ya msitu huo ndipo penye kitu alichonunua babu: "all that messuage with the appurtenances".

"Wewe ndiye mwalimu," ami akaniambia. "Hebu tusomee."

Nafundisha jiografia. Kiingereza nakitumia kila siku, na neno lile sikuwahi kuliona. Tukalipiga picha tukalipeleka kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Bin ami yangu aliyeko Muscat akajibu upesi: hiyo si "message" iliyokosewa herufi? Babu ametuachia ujumbe. Kuna aliyeiweka sentensi nzima kwenye programu ya kutafsiri ya simu, nayo ikamuunga mkono: ujumbe. Tukacheka kidogo, ahueni ya kwanza tangu matofali yateremshwe. Nimekuja kujua baadaye kwamba maneno hayo mawili hayana hata udugu wa mbali. "Message" inatoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kutuma. Hili letu linatoka kwenye kitenzi cha kukaa.

Kwa kuwa kikao cha wazee wa mtaa kilikuwa kimeshapangwa, tulikwenda kwenye ofisi moja ya tafsiri mjini tupate nakala ya Kiswahili yenye muhuri. Shilingi 12,000 kwa kurasa mbili. Tafsiri ilirudi imechapwa safi, na pale mahali penyewe ilisema: "nyumba ile yote pamoja na vifaa vyake".

Kikaoni mzee wa upande wa pili aliomba aisome mwenyewe. Akaisoma polepole, akavua miwani, akasema: "Mmesikia. Nyumba na vifaa vyake. Nyumba na masufuria." Watu wakacheka, na si kwa ubaya, lakini kicheko kile kiliniingia. Karatasi tuliyoilipia sisi, yenye muhuri tulioulipia sisi, ndiyo iliyokuwa ikitutoa uani. Shangazi aliinuka akatoka. Nilipomfuata barazani aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, tumempa mtu pesa atunyang'anye?"

Neno la kwanza la ushauri basi ni hili, na nalisema kwa uchungu wa shilingi zile: hati ya zamani usiipeleke kutafsiriwa kabla hujajua ina maneno gani magumu. Mfasiri wa kawaida huona vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na barua za ubalozi siku nzima. Akikutana na neno la sheria lililokufa mitaani, atalipa neno moja la Kiswahili lililo karibu na kuendelea. Muulize kabla: neno hili utaliandikaje, na umelitoa wapi? Akikosa jibu, mwambie aliache kama lilivyo na aweke maelezo pembeni. Neno lisilotafsiriwa humfanya msomaji aulize. Likitafsiriwa vibaya, halimfanyi aulize kitu.

Tukaomba kikao kiahirishwe. Majirani wakakubali kusimamisha mafundi, jambo ambalo hadi leo nawashukuru. Ndipo nilipoanza kulitafuta neno lenyewe.

Kamusi za mezani hazikusaidia. Nyingi hazina neno hilo kabisa, na chache zilizonalo zinasema "nyumba ya kukaa" kisha basi, yaani vilevile walivyotaka majirani. Iliyonisaidia ni kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989 lenye juzuu 20, niliyoikuta katika maktaba ya chuo kimoja. Kamusi hii ina tabia yake. Wazo lake lilianza London mwaka 1857 miongoni mwa wanazuoni wa lugha, sehemu ya kwanza ikachapishwa 1884, ya mwisho 1928, na muda wote huo watu wa kujitolea walikuwa wakituma vipande vya karatasi vyenye nukuu kutoka vitabu vya kila karne. Kwa hiyo haikuambii tu neno lina maana gani. Inakuonyesha nani alilitumia, mwaka gani, katika sentensi gani. Kwa mwenye hati ya zamani mkononi tofauti hiyo ni kubwa sana, kwa sababu unachotaka ni maana iliyokuwa kichwani mwa mwandishi wa hati siku ile. Maana ya leo haikusaidii.

Na historia yenyewe ni tamu, nitakaa nayo kidogo.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa mabwana na mahakama walitumia Kifaransa chao, huku kumbukumbu rasmi zikiandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1362 ilipitishwa sheria kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa kuwa wananchi hawakuelewa kinachosemwa juu yao. Lakini kumbukumbu za mahakama ziliendelea na Kilatini chake hadi mwaka 1733. Katika miaka yote hiyo Kiingereza cha sheria kilijaa maneno ya Kifaransa ambayo mtu wa sokoni hakuyatamka kamwe. "Messuage" ni mojawapo. Hutamkwa kama "meswij", na ukilitamka herufi kwa herufi mawakili watajua umelisoma tu.

Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini "manere", kukaa, kubaki. Mti huohuo umezaa "mansion" ya Kiingereza na "manor", na "ménage" ya Kifaransa, yaani watu na mambo ya nyumba moja. Neno la zamani la Kifaransa lilikuwa "mesnage", lenye n. Wataalamu wanadhani u iliingia kwa macho ya karani: katika mwandiko wa enzi zile n na u zote zilikuwa vijiti viwili vifupi vilivyosimama bega kwa bega, na aliyenakili akaona u. Aliyemfuata akanakili alichokiona. Nilipoyasoma hayo nilifikiria mfasiri wetu na vifaa vyake, hasira yangu ikapungua. Huenda neno zima ni kosa la kunakili lililodumu miaka 700, na hakuna aliyerudishiwa pesa.

Maana sasa. Tangu mwanzo "messuage" haikuwa kuta na paa peke yake. Ilikuwa maskani pamoja na kiwanja kilichokaliwa na maskani hayo, ua wake, na vijumba vya nje vilivyomo. Edward Coke, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa Uingereza, aliandika mwaka 1628 kwamba mtu akihamisha mali kwa jina la "messuage", basi nyumba, ua, bustani ya mboga na bustani ya matunda vyote hupita pamoja. Niliposoma mstari huo pale maktabani nilifunga kitabu, nikatoka nje kumpigia ami.

Furaha hiyo haikudumu. Jioni niliendelea kusoma nikakutana na nyumba ya Shakespeare. Mwaka 1597 alinunua nyumba kubwa kule Stratford iliyoitwa New Place, na hati ya mahakama ya mauzo hayo, kwa Kilatini, inataja "messuage" moja, maghala mawili na bustani mbili, pamoja na viandamani vyake. Mwaka 1602 hati ikarudiwa, zikaongezwa bustani mbili za matunda. Kwenye wasia wake wa 1616, nyumba hiyohiyo aliyomwachia binti yake Susanna inaitwa "capital messuage", yaani maskani makuu. Umeona shida? Ikiwa neno linabeba bustani ndani yake, mbona waliziorodhesha kando? Wakili wa majirani, kama angekuwepo, angeuliza swali hilo kabla ya kikombe cha kwanza cha kahawa kuisha.

Jibu nililipata kwa wakili mmoja mzee wa Mombasa aliyezoea hati za namna hii. Alinikubalia nikae naye saa moja kwa shilingi 8,000, na katika gharama zetu zote hiyo ndiyo pesa ninayoiona ilikwenda mahali pake. Waandishi wa hati wa Kiingereza, alisema, walikuwa watu wa hofu. Hata neno likibeba kumi, waliyataja yote kumi, asije mtu akabisha juu ya moja. Tena wanasheria wa Uingereza walilipwa kwa urefu wa maandishi hadi sheria ya malipo yao ya mwaka 1881 ilipoanza kubadilisha hesabu. Mtu anayelipwa kwa maneno hatasema "nyumba" akiweza kusema "maskani, nyumba, majengo, ua, bustani, visima, njia na maji". Kwa hiyo kuorodheshwa kwa bustani hati moja hakuthibitishi kwamba zisipotajwa nyingine hazimo.

Kisha akaniambia jambo ambalo mimi mwenyewe, na historia yangu yote ya maktabani, nilikuwa nimelipita bila kuliona. Neno hili limezaliwa katika nchi ambako nyumba na ardhi havitengani. Kwa sheria ya Kiingereza, kilichojengwa juu ya ardhi ni sehemu ya ardhi. Mwingereza wa mwaka 1600 akiulizwa kama "messuage" ina ardhi ndani yake angekushangaa. Nyumba itaelea wapi? Neno halikuwahi kuhitaji kulijibu swali hilo. Sasa likapakiwa melini, likaja pwani ambako nyumba na udongo wake huweza kuwa na wenyewe wawili, likapigwa taipu kwenye karatasi ya babu. Hapa ndipo likaulizwa swali ambalo kwao halikuwahi kuulizwa. Coke wako, wakili akasema, ni shahidi mzuri, lakini hakuwahi kuishi Majengo.

Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeruka swali la kwanza. "Umesoma neno. Sentensi umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma yote, wala hakuna mwingine aliyekuwa ameisoma. Sote tulikuwa tumeng'ang'ania neno moja. Akaniagiza nikaichape hati nzima kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, bila kurekebisha tahajia, kisha niikate vipande kwa penseli: nani anauza, nani ananunua, kwa bei gani, kitu gani, kwa masharti gani. Fanyeni hivyo hata kama mna wakili. Kuchapa kunakulazimisha upite kila neno. Na mstari wa nne baada ya "messuage" nikakutana nalo: nyumba hiyo "imechorwa kwa mstari mwekundu kwenye ramani iliyoambatishwa hapa". Kwenye tafsiri yetu ya shilingi 12,000 maneno hayo yalikuwemo, tena yametafsiriwa sawasawa. Sisi tulikuwa tumeshagombana na "vifaa" hatukufika huko chini.

Ramani haikuwepo. Sanduku lote tukalimwaga, hapana. Lakini nilipoishika hati juani niliona kitu kwenye pembe ya juu kushoto: matundu mawili madogo yenye doa la kutu kuyazunguka, umbali wa pini moja. Kitu kilikuwa kimebanwa pale kikatoka.

Hapa niseme kuhusu kutunza karatasi hizi, maana nusura tuharibu ushahidi huo. Juma moja kabla, mmoja wetu alitaka kuipeleka hati ikatiwe plastiki ya moto, "isiendelee kuchakaa". Msifanye hivyo. Plastiki ile haitoki tena bila kuchukua wino, na huziba alama zote: matundu, mikunjo, mihuri ya kubonyeza isiyo na rangi. Sellotape nayo ni adui. Hati iwekwe bapa ndani ya bahasha kubwa ya karatasi, mahali pakavu. Na pigeni picha pande zote mbili. Nyuma ya hati yetu, upande ambao ukoo mzima ulidhani ni mtupu, palikuwa na mhuri wa usajili na namba iliyoandikwa kwa kalamu.

Namba hiyo ndiyo iliyotufikisha. Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya hati miliki kwa ajili ya pwani, kila anayedai ardhi alete dai lake, lichunguzwe, apewe cheti. Mauzo yaliyofuata yakawa yanaandikishwa na nakala inabaki. Ukiwa na namba ya usajili, ofisi ya ardhi inaweza kuitafuta nakala hiyo. Ukikosa namba, utasubiri sana. Kufanya upekuzi wa rekodi, ambao wengi tunauita sachi, ni gharama ndogo. Kinachokula pesa ni nenda-rudi, nauli, na siku za kazi unazozikosa. Faili letu lilisemekana halionekani, kisha likaonekana, kisha anayelishughulikia yuko likizo. Sina hila ya kuwapa zaidi ya kwenda asubuhi, kuwa na namba iliyoandikwa vizuri, na kutokwenda na watu wengi. Tulipokwenda watano tulionekana tumekuja kugombana. Nilipokwenda peke yangu nilipewa kiti.

Nakala ya ofisi ilikuwa na ramani, imebanwa kwa pini yake, imeshika kutu. Ilikuwa karatasi ya kufuatishia, vipimo vyake kwa futi, na mstari mwekundu uliofifia kidogo. Ndani ya mstari: nyumba, kisima, jiko, choo, na sehemu kubwa ya ua. Nje ya mstari: ukanda mrefu upande wa mashariki, na mwembe.

Mwembe si wetu. Tumekula maembe yake maisha yetu yote, shangazi ametengeneza achari na kugawa mtaa mzima, na mwembe si wetu.

Nililichukulia jambo hili kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeshajiandaa kushinda kwa neno, nimebeba Coke na mwaka wake mfukoni. Ami alipoiona nakala alikaa kimya, kisha akasema tusiifiche. Wapo katika ukoo waliotaka tuifiche, tuwaachie majirani wajitafutie wenyewe. Ushauri wangu kwa atakayefika hapo ni kumsikiliza ami: nakala iko ofisini, namba iko wazi, na mwenye kuificha leo atakutana nayo mbele ya jaji.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Tulipeleka nakala yenye mhuri wa ofisi, na tafsiri mpya. Tafsiri hiyo niliikalia pamoja na mfasiri mwingine, mchana mzima. Kwa "messuage" tuliandika "maskani, yaani nyumba ya kukaa pamoja na kiwanja chake, ua wake na majengo madogo yaliyomo", na neno lenyewe la Kiingereza tukalibakiza hapo hapo kwenye mstari. Kwa "appurtenances" tuliandika "haki na vitu vyote vinavyofungamana nayo". Neno hilo lina mizizi katika Kilatini cha "kuwa mali ya", na katika hati hubeba mambo kama haki ya njia na ya kuteka maji. Masufuria hayahusiki. Wakili alitukumbusha pia kwamba sheria ya India ya uhamishaji mali ya mwaka 1882, iliyotumika Kenya hadi sheria mpya ya usajili wa ardhi ya 2012 ilipoifuta, yenyewe husema nyumba ikihamishwa hupita pamoja na kufuli, funguo, makomeo, milango na madirisha yake. Mzee yule wa miwani alilipenda sana hilo. Akasema basi hata vifaa vilikuwemo.

Hakuna aliyebishana tena juu ya neno. Wote waliinamia ramani. Naona ni haki kusema kwamba "messuage" peke yake isingetuokoa. Mbele ya mahakama ingekuwa hoja dhidi ya hoja, na miaka ingekwenda. Kilichotuokoa ni ramani. Lakini bila lile neno nisingeichapa hati, na bila kuichapa nisingeuona mstari uliotaja ramani. Wakili anasema wateja wake wengi husimama kwenye neno la kwanza wasilolielewa, wakaanza kesi hapo hapo.

Mpimaji aliyesajiliwa alituchaji shilingi 65,000 kurudisha mipaka ya mwaka 1934 ardhini, tukagawana nusu kwa nusu na majirani. Mkishirikiana mpimaji mmoja mnaokoa pesa, na hakuna atakayesema baadaye kwamba wa kwako alipindisha kamba. Ukuta umejengwa kwenye mstari mwekundu, futi kadhaa mashariki ya ule msingi wa kwanza. Mwembe umebaki kwao, na matawi yamevuka ukuta kama matawi yanavyofanya.

Kilichobaki ni hati mpya. Katika mfumo wa sasa mali huandikwa kwa namba ya kiwanja na ukubwa wake, basi. "Messuage" haitakuwemo. Huko Uingereza kwenyewe limekwenda kwa njia hiyohiyo, ardhi ilipoanza kusajiliwa kwa ramani na anwani badala ya masimulizi ya hati. Afisa ametuambia hati ya asili irudishwe ofisini kabla mpya haijatoka, na ami hataki kuiachia. Tumekubaliana hivi: kwanza wakili athibitishe nakala za pande zote mbili pamoja na ramani, seti tatu. Moja akae nayo ami, moja shangazi, na moja ipelekwe Muscat kwa bin ami. Malipo ya uthibitisho ni kwa ukurasa, kwa hiyo ulizeni bei kabla, na hakikisheni ule upande wa nyuma umehesabiwa.